Wimbo Uliokaa Sandukuni Miaka 29

Kila mama aliyejifungua akiwa na ndugu anajua maana ya mgeni anayekuja kumlea. Huenda ni mama yake mzazi, ni dada, ni wifi, au ni mama mdogo. Huja na kikapu, akakaa mwezi mmoja au miwili. Huchemsha maji, hukoroga uji, hufua nepi, na usiku mtoto akilia mzazi husikia sauti ikimwambia, "Lala wewe, mlete huku." Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya mama na mtoto hapa Mwanza kwa miaka mingi. Swali ambalo sikosi kumwuliza mama kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani ni hili: nani anakuja kukulea? Mara nyingi jibu lake hunieleza mambo mengi kuliko kadi yake ya kliniki.

Wimbo ninaotaka kuwasimulia, akina mama wenzangu, ulitokana na mgeni wa namna hiyo ambaye hakufika.

Mwezi Mei mwaka 1996 nilikuwa msichana wa miaka 17, kidato cha tatu. Tulikaa Kirumba. Baba alikuwa fundi seremala na mama alikuwa akiuza dagaa pale Mwaloni. Mama ni mtu wa Bukoba aliyeolewa huku Usukumani. Mwezi huo alijifungua mtoto wa kike, kitinda mimba wetu, wakati sisi wengine tulikuwa tumekwisha sahau kilio cha mtoto mchanga nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 40, na uzazi ule ulimtesa. Basi akapeleka habari kwa mdogo wake kule Bukoba, naye mama mdogo akajibu kwa barua fupi iliyoletwa na kijana wa basi: nitapanda meli ya Jumatatu, naja na ndizi na kahawa ya kutafuna, mtoto msimpe jina mpaka nifike.

Meli hiyo ilikuwa MV Bukoba.

Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini wapo akina mama vijana wanaosoma ukurasa huu ambao walikuwa hawajazaliwa. Meli iliondoka Bukoba usiku wa tarehe 20 Mei, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 ilipinduka na kuzama ikiwa inakuja Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Inakadiriwa kwamba waliokufa ni zaidi ya watu 800, na Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi kati ya waliopatikana walizikwa pamoja pale Igoma, na mnara wao upo hadi leo.

Mama mdogo alipanda daraja la tatu. Alikuwa hana fedha za daraja jingine, na hata kama angekuwa nazo angezinunulia mtoto nguo.

Naomba mnielewe hapo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari hii. Mwili wake haukupatikana, na jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Baba alikwenda siku baada ya siku kutazama majina na kutazama maiti. Alirudi jioni akakaa kwenye kigoda bila kuzungumza, na mama akajua. Tuliweka matanga bila kaburi. Wako jamaa waliosema huenda hakupanda, huenda alichelewa, huenda yuko Kemondo kwa rafiki yake. Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini kwa uzoefu wangu wa kazi hayamsaidii mfiwa. Humfanya asikilize mlango. Mama aliusikiliza mlango mwaka mzima.

Wakati huo nilikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Mwalimu wetu alitufundisha kusoma nota za do re mi, zile zinazoandikwa kwa herufi, kwa vile hatukuwa na kinanda na wala hatukuhitaji. Aliandika ubaoni, akatoa sauti ya do kwa mdomo, nasi tukafuata. Baada ya matanga nilikaa usiku mmoja na daftari la shule lenye jalada la bluu, nikaandika maneno, na juu ya maneno nikaandika nota za sauti ya kwanza. Sauti nyingine tatu nilizisikia kichwani lakini sikujua kuziandika. Mwanzo wake ni huu:

*Jumanne kumekucha, chai iko mezani,*
*tunamngoja mgeni, hajafika nyumbani.*

Na kiitikio:

*Ee Bwana wa mawimbi, wewe unayehesabu,*
*mwite kwa jina lake asiye kwenye kitabu.*

Ubeti wa pili ulikuwa na jina lake mama mdogo, jina la ubatizo na jina la kwao. Majina hayo sitayaandika hapa kwa sababu mama amesema yaimbwe, yasichapwe. Ubeti wa tatu ulikuwa hivi:

*Ulikuja kumlea mtoto wa dada yako,*
*naye akishakua atauliza uliko.*

Mwalimu alisema wimbo wa kanisani haufai kuishia kwenye swali, hivyo nikaongeza ubeti wa nne wenye mbingu na mavazi meupe. Ubeti huo sijaupenda mpaka leo. Mbingu naiamini, lakini beti ile niliiandika kama mtu anayejibu mtihani.

Tuliuimba mara moja tu, Jumapili ya siku ya arobaini. Kanisa zima lililia, maana hapakuwa na benchi lisilokuwa na mfiwa. Tulipofika ubeti wa tatu mama aliinuka na mtoto mgongoni akatoka nje. Jioni aliniita jikoni. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, wimbo ni mzuri. Lakini unamtwika mtoto mchanga maiti. Watu watakuwa wakimtazama huyu na kusema, ndiye aliyefuatwa. Nipe hilo daftari." Nikampa. Kesho yake niliona moto wa mkaa unawaka mapema kuliko kawaida, nikafikiri limekwisha.

Wala sikumlaumu. Mimi nilikuwa nimempoteza mama mdogo, yeye alikuwa amempoteza mdogo wake wa pekee na bado alikuwa akinyonyesha. Mtoto alipewa jina la marehemu, na tangu siku hiyo habari za meli hazikuzungumzwa nyumbani kwetu. Mama hakupanda meli tena. Hata MV Victoria iliporudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, na majirani wakawa wanaisifia vitanda vyake, yeye alikataa kwenda hata kuitazama. Alipokwenda kwao alipanda basi. Lakini wenye kuijua njia hiyo wanajua kwamba na basi nalo lilikuwa likivuka maji kwa kivuko pale Kigongo hadi Busisi. Abiria wote hushuka, basi huingia, watu husimama pembeni. Mama alivuka akiwa amefumba macho na kushika nguzo, kila safari, kwa miaka yote hiyo. Daraja la pale, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Watu wamelisifu kwa mambo mengi ya biashara. Sisi nyumbani tunalisifu kwa sababu mama sasa anafika Bukoba macho yakiwa wazi.

Sasa nirudi kwenye daftari. Januari 2025 yule mdogo wangu, kitinda mimba, alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mume wake anafanya kazi mbali, kwa hiyo akaja kwa mama kulelewa, na mimi nikawa nafika hapo kila nikitoka zamu. Siku ya nne au ya tano mama aliniambia nikafungue sanduku lake la bati nitoe vitenge laini vya kumfunga mtoto. Sanduku hilo tangu utoto wetu halikufunguliwa na mtu mwingine ila yeye. Nadhani uchovu ndio uliomsahaulisha, au labda hakusahau. Chini ya vitenge, ndani ya khanga kuukuu niliyoitambua kuwa ya mama mdogo, mlikuwa na daftari langu la bluu. Lilikuwa limekunjwa vizuri, na kati ya kurasa mlikuwa na ile barua ya kijana wa basi.

Nilisimama nalo muda mrefu kiasi kwamba mdogo wangu aliuliza kutoka kitandani, "Dada, hilo ni la nini?"

Mama alikuwa mlangoni na beseni. Akasema, "Lilikuwa humo siku zote."

Nikamwuliza kwa nini hakulichoma. Akaweka beseni chini. "Ningechomaje? Kwenye orodha hayumo. Igoma hayumo. Humo ndimo alimo."

Mdogo wangu alijua kwamba ana jina la mama mdogo aliyezama, kila mtu kwetu anajua. Asichojua, au sisi tulidhani hajui, ni sababu ya safari ile. Akaomba daftari. Nikamtazama mama, mama akatazama ukutani. Nikampa. Alisoma akiwa anamnyonyesha mwanawe, akafika ubeti wa tatu, akasoma mara ya pili kwa sauti ya chini. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: alilijua tangu darasa la tano. Shangazi mmoja upande wa baba alimwambia kwa hasira siku aliyovunja chungu: wewe ndiye uliyemwua mama yako mdogo. Akalibeba neno hilo miaka yote, kimya, ili asimwumize mama. Na mama akabeba lake, kimya, ili asimwumize yeye.

Akina mama, nimeuguza wengi, lakini kidonda kilichofungwa bandeji pande mbili namna ile nilikuwa sijakiona. Mama alikaa kitandani akamshika miguu mwanawe. Alimweleza mambo yote ya wiki ile, kuanzia barua hadi matanga: kwamba mama mdogo alifurahi mno kuitwa, kwamba alikuwa akingoja sababu ya kuja Mwanza kwa miaka miwili, kwamba abiria wote wa meli ile walikuwa na sababu zao, wengine harusi, wengine shule, wengine ndizi za kuuza, na hakuna harusi wala shule iliyowaua. Meli iliyojazwa kupita kiasi ndiyo iliyowaua. Nilimsikia mama akisema sentensi hiyo ya mwisho kwa sauti kubwa kama anayeieleza mahakama.

Kisha mdogo wangu akasema, "Niimbieni."

Nilikuwa sijaiimba kwa miaka 29. Sauti yangu siku hizi imeshuka, ile do ya zamani sikuifikia, nikaanza chini zaidi. Nota zilinisaidia kwa sauti ya kwanza. Mama alishika sauti ya pili, tena bila kukosea, na ndipo nilipojua kwamba amekuwa akiuimba peke yake, sijui wapi, labda Mwaloni akianika dagaa.

Habari ilitoka nyumbani ikafika kwa kwaya ya akina mama kanisani kwetu, ambako mimi ni katibu. Hapo zikaanza shughuli nyingine. Sauti tatu zilikuwa hazipo. Mwalimu wetu wa zamani alikwisha fariki, na wenzangu tulioimba nao mwaka ule wametawanyika. Mama mmoja alikumbuka besi ilivyokwenda kwenye kiitikio, kwa sababu mume wake aliiimba na kumchumbia kwa wakati mmoja. Sauti ya tatu tuliitunga upya. Kijana wetu wa kinanda alitaka kutuwekea mdundo wa kuchezesha mabega, wazee wakamwambia aketi. Tulibishana wiki tatu juu ya ubeti wa nne. Mimi nilitaka uondolewe, wenzangu wakasema ukiondoa mbingu unatuacha ziwani. Wakanishinda kwa kura.

Ubeti wa tatu ulibishaniwa nyumbani. Mama alisema uimbwe, lakini asiimbe mtu mwingine. Alimtazama kitinda mimba wake. Naye akasema ataimba, ila atabadili kidogo.

Tarehe 21 Mei 2025 tulikwenda Igoma, familia na baadhi ya wanakwaya, tukiwa na maua na maji ya kunywa, kwa maana jua la pale halina huruma. Mama hakuwahi kufika. Kwa nini aende, alikuwa akisema, wakati wa kwake hayupo? Safari hii alikuja mwenyewe, amevaa ile khanga. Tulisimama karibu na mnara tukaimba ubeti wa kwanza, tukaimba wa pili wenye majina, na watu wengine waliokuja kwa ndugu zao wakasogea. Kisha mdogo wangu, mtoto wake akiwa mgongoni, akaimba peke yake:

*Ulikuja kunilea, mtoto wa dada yako,*
*leo nimeshakua, nauliza uliko.*

Herufi chache tu zilizobadilika. Mimi mtunzi nilishindwa kuendelea na kiitikio. Waliendelea wengine, na mama alikuwa miongoni mwao.

Mmoja wetu alirekodi kwa simu. Mnajua wenyewe simu za siku hizi. Kabla ya Jumapili sauti zetu zilikuwa zimefika Sengerema, Geita na Ukerewe, pamoja na upepo wa Igoma na kilio cha mtoto. Baadhi ya wenzangu waliniuliza kama sina hofu ya kuibiwa wimbo. Kwa faida ya akina mama wanaotunga, na najua mko wengi: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na unaweza kusajili kazi yako Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ili uwe na ushahidi. Fanyeni hivyo, hasa mnaorekodi. Andikeni pia tarehe na jina kwenye daftari, jambo ambalo mimi kwa bahati nilifundishwa na mwalimu wa kwaya.

Simu iliyonigusa zaidi ilitoka Ukerewe, kwa mama mmoja wa kisiwa cha Ukara. Wasomaji wanakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kufika gati la Bwisya. Kilikuwa kimetoka Bugolora, watu wakirudi kutoka sokoni. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa zamu ya mchana, na nakumbuka mikono yangu ikikataa kushika sindano, kwa kuwa ilikuwa habari ile ile, ya miaka 22 nyuma: watu wengi kuliko nafasi, na ufukwe unaonekana.

Mama huyo alisema wao wamezika watu wao, wanalijua kaburi, wanalipalilia. Alichokuwa akitafuta ni wimbo ambao haumwambii anyamaze. Nyimbo nyingi alizoimbiwa kwenye msiba zilimtaka asilie. Akaniuliza kwa adabu sana, akiniita dada ingawa sauti yake ni ya mtu mzima kuliko mimi, kama ningemruhusu abadili "Jumanne" iwe "Alhamisi", na pale penye jina aweke la kwake. Nikamwambia abadili. "Chai iko mezani" je? Akacheka kidogo, akasema kwao siku ile ulikuwa ugali, lakini "ugali uko mezani" nao utaingia vizuri kwenye sauti. Tukajaribu kuimba kwenye simu, mimi huku na yeye kule, mpaka salio lake likaisha nikampigia mimi.

Mume wangu, ambaye si mwimbaji, aliuliza kama sioni vibaya kazi yangu inavyokatwakatwa. Sioni. Kanga za mama mdogo nazo zilikatwa zikafungia wajukuu.

Mwezi uliofuata walinipigia tena kutoka Ukara, safari hii wakiwa akina mama sita kwenye simu moja. Wamekaa wakaona tatizo: wao wana majina sita, na wimbo wangu una nafasi ya moja. Waliogopa kuomba. Nikawaambia kila mmoja aandike ubeti wake, kiitikio kitabaki kilekile, na wasihangaike na nota, waimbe tu nami nitaziandika. Wameleta beti tano hadi sasa. Wa sita bado hayuko tayari.

Daftari la bluu kurasa zake zimeisha, nimelishonea karatasi nyingine nyuma.